Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tuliotoka nje, Anchorage, Alaska

Wazee wetu, mama zetu, kaka, dada na vijana wote wa chama, shikamooni, na wadogo zangu habari za siku.

Naandika hii taarifa nikiwa mezani jikoni, saa kumi jioni tu na jua limeshazama, mnajua wenyewe Desemba yetu hapa, tarehe 21 mwanga wa jua haufiki hata masaa 5 na nusu. Mkutano mkuu uko karibu na katiba inasema mwenyekiti atoe taarifa, basi naitoa.

Mwaka jana mliponipa uenyekiti niliwaahidi kitu kimoja, kwamba tutatoka nje. Mnamkumbuka yule mama wa Uvira aliyesimama akasema amekaa Anchorage miaka saba, anajua njia ya kazini, ya kanisani, ya dukani na ya kliniki, na ile milima anaiona kila asubuhi akisubiri basi ila hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Ukumbi mzima ulinyamaza, maana karibu wote tulikuwa hivohivo. Lile neno liliniingia sana. Watu wanapanda ndege mbili tatu kuja kuona hii milima na sisi tunaolala chini yake tunaijua kwenye picha za kalenda. Kwahiyo sehemu kubwa ya hii taarifa ni safari zetu, hela na mambo ya ofisi nitayagusa kidogo huko chini.

Tulianza Machi, Jumamosi ya kwanza, tukawapeleka watoto Fourth Avenue kuona mbwa wa Iditarod, zile mbio za mbwa wanaovuta magari ya kuteleza, wakianza. Haina kiingilio, unasimama tu pembeni ya barabara, na usiku wa kuamkia siku hiyo malori huwa yanaleta theluji kuimwaga katikati ya mji ili magari ya mbwa yateleze. Hizi mbio zipo tangu 1973 na zinaenda mpaka mji wa Nome, zaidi ya kilomita 1,500 huko. Wale mbwa wanaruka na kulia kwa hamu ya kukimbia, mpaka watu wanawashika kwa nguvu, watoto wetu walikuwa hawajawahi kuona mbwa anafurahia kazi kiasi kile. Sikuwa na budi kuwanunulia wote chokoleti ya moto maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nusu yao walikuja na glavu za uzi. Hapo ndo tulijifunza habari ya nguo na nitairudia.

Juni tukapanda Flattop. Huu ndo ule mlima wenye kichwa bapa unaoonekana ukiangalia mashariki, uko ndani ya Chugach State Park, hifadhi iliyoanzishwa 1970 na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, inaanzia kabisa mgongoni mwa mji. Unaendesha mpaka Glen Alps, unalipa dola 5 za kuegesha gari, unaanza kupanda. Kilele kina mita 1,070 na pale unapoanzia umeshakuwa juu, kwahiyo miguu yako inapanda kama mita 400 tu. Lakini msiudharau, ile sehemu ya mwisho ni mawe matupu, unatumia mikono, na upepo ukija unakuja kweli.

Aliyetuongoza ni mzee wetu wa Marangu ambaye ujana wake alibeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Nataka nimshukuru hapa mbele ya wote. Mzee alitupanga, wenye pumzi nyuma, wanaochoka haraka mbele, akasema mwendo ni wa yule wa mbele na atakayempita anarudi kwenye gari. Basi tukaenda pole pole, watu 23 na watoto, na hakuna aliyeumia. Karibu na yale mawe aliwaambia watu saba wabaki, viatu vyao havikuwa na meno, wakakasirika kidogo ila walibaki, na yule mama wa Uvira alikuwa mmoja wao. Alikaa pale kwenye nyasi akaangalia mji wote chini, nyumba yao, bahari ya Cook Inlet, ndege zikitua. Tuliporudi tulimkuta bado amekaa vilevile. Akaniambia mwenyekiti, mimi hapa panatosha leo, kileleni ntafika mwakani na viatu. Ameshavinunua, kanionyesha.

Juu siku ile kulikuwa kweupe kabisa na kaskazini tukaiona Denali, iko mbali zaidi ya kilomita 200 lakini ilikuwa imesimama kama imewekwa juzi. Hapo ubishi ukaanza maana watu wa Kilimanjaro mnawajua. Kibo ni mita 5,895 na Denali ni 6,190, kwahiyo hapo hakuna la kubishana. Mzee mwenyewe aliangalia muda mrefu akasema nayo inavaa kofia kama ya kwetu.

Julai nitaisema baadae, kwanza niseme ya Agosti maana ndo iliyoninyima usingizi.

Tulienda Turnagain Arm, ghuba ya Cook Inlet, kwa ile njia ya Seward Highway inayobanwa kati ya mlima na bahari. Tulianza vizuri, asubuhi Potter Marsh tukatembea kwenye daraja la mbao tukaona ndege na samaki wa samoni wanapita chini, halafu tukasimama Beluga Point, na kweli nyangumi weupe wakatoka. Wale beluga wa Cook Inlet wamebaki wachache, tangu 2008 wamewekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, kwahiyo kuwaona ni bahati, migongo myeupe inapanda na kushuka mara ya kumi mara ya ishirini, watoto wanahesabu kwa sauti.

Mchana maji yakapwa. Sasa ndugu zangu wa pwani mnisikilize hapa. Sisi tumekulia mahali ambapo maji yakipwa ndo mnashuka, mama zetu wa Pemba, wa Kilwa, wa Lamu wanashuka na vijiti vyao kutafuta pweza, watoto wanaokota chaza, yaani bahari iliyopwa ni shamba. Turnagain SIO HIVO. Lile linaloonekana kama mchanga mzuri wa kijivu ni unga wa mawe, barafu za milimani zimesaga mawe miaka maelfu na mito imeleta ule unga baharini. Ukikanyaga unaonekana mgumu, ukitikisika unalegea mguu unazama, halafu ukitulia unakaza, unakushika kama saruji. Na maji ya huku si ya kwetu. Unguja bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 4, huku inapita mita 9, na siku za bamvua maji yanarudi kama ukuta, wimbi moja linaingia ghuba nzima, linaweza kufika mita 2 hata 3 na huwezi kulikimbia ukiwa umenasa.

Kijana wetu mmoja alishuka kupiga picha. Hatua kumi hivi kutoka kwenye mawe. Tulikuwa tunapakua chakula, nikasikia mama anapiga kelele kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "mumutoshe, maji inakuya!", yaani mtoeni, maji yanakuja, kugeuka nikamuona kijana yuko ndani mpaka magotini, anavuta mguu mmoja, mwingine unazidi kwenda. Tulipiga 911 palepale. Huku wanaume wawili wakalala kifudifudi juu ya turubai la pikiniki ili uzito usambae, wakamwambia alale nyuma, asisimame, wakamchezesha mguu taratibu maji yaingie, na kwa kudra ya Mungu ukatoka, wa pili pia, viatu vimebaki kule. Waokoaji walipofika alishakuwa kwenye mawe anatetemeka. Walitueleza kwamba mtu aliyezama zaidi wanamtoa kwa kusukuma maji ya pampu chini ya tope, na kwamba tulichofanya vizuri ni kupiga simu kwanza.

Kosa ni langu. Nilijua habari ya lile tope na nilidhani kila mtu anajua, sikusema asubuhi kabla hatujashuka kwenye gari. Kijana hana lawama, alifanya kitu ambacho angefanya Bagamoyo bila shida yoyote. Nimewaomba radhi wazazi wake uso kwa uso na naomba radhi kwenu wote. Kuanzia sasa hakuna gari la chama linaloondoka kabla mtu hajasimama akasema hatari za pale tunapoenda, kwa Kiswahili, na watoto wakarudia. Na kwenye tope la Cook Inlet HATUSHUKI, sio hatua moja.

Sasa Julai, ambayo ndo furaha ya mwaka. Wengi mlikuwa hamjui kwamba mkazi wa Alaska anaruhusiwa kwenda mdomoni mwa mto Kenai na wavu wa duara wenye mti mrefu, akasimama majini akachota samoni wekundu wa kula na familia yake. Sharti uwe umeishi Alaska miezi 12 mfululizo na nia yako ni kukaa, uraia hauulizwi, hilo nalirudia maana kuna watu wamekaa miaka wakidhani mpaka uape bendera. Unakuwa na leseni ya kuvua kama mkazi na kibali cha kaya, kibali ni bure. Msimu ni 10 hadi 31 Julai. Mwenye kaya anapata samaki 25 na kila mtu mwingine ndani ya nyumba anaongeza 10, yaani familia ya watu sita ni samaki 75. Piga hesabu dukani kilo moja ya samoni ni bei gani.

Tuliondoka usiku, njia ni kama masaa matatu, usiku wenyewe wa Julai hauna giza la maana. Pale ufukweni watu wamejipanga kama soko, wazungu, Wafilipino, Wahmong, wenyeji, kila mtu na wavu wake, na sisi tukaingia na suruali za mpira zinazofika kifuani. Maji ni baridi mpaka mfupa. Lakini wavu ukigongwa na samaki, ule mtikisiko unaousikia mkononi, mzee mmoja wa Kigoma alipiga ukelele kama mtoto, akasema tangu atoke ziwani 1996 hajashika samaki hai. Alilia kidogo. Tulimwacha.

Sheria za kukumbuka: ukimtoa samaki mkate ncha zote mbili za mkia na umuandike kwenye kibali kabla hujamficha kwenye boksi la barafu. Samoni mkubwa yule wa king ukimnasa mrudishe majini. Na kibali lazima kirudishwe na hesabu kabla ya 15 Agosti hata kama hukupata kitu, kuna kaya mbili zilichelewa, naomba isijirudie maana ni jina letu sote.

Jioni tukatengeneza samaki palepale na nyumbani wiki nzima, dada zetu wa Mombasa wakampaka nazi, wa Bukavu wakamkausha kwa moshi, vichwa vikapikwa supu, na kaya nne zilizokuwa na wagonjwa au mzazi mmoja zilipelekewa fungu lao. Hili la mwisho ndo ninalojivunia kuliko yote ya mwaka.

Safari nyingine kwa haraka. Whittier tulienda Septemba, tukapita lile handaki la kilomita 4 linalotumiwa na treni na magari kwa zamu, kwenda Whittier linafunguliwa kila ikifika saa na nusu, kurudi kila saa kamili, tulichelewa dakika tatu tukasubiri saa nzima, mjue hilo. Matanuska, kule kwenye mto wa barafu, hatukuenda, kampuni ya kukodi magari ilitugeuka asubuhi ileile na hela imerudi nusu tu, katibu anafatilia. Bustani ya Kincaid na ile njia ya pembeni ya bahari tumetembea mara nyingi na watoto, na sasa wanajua kwa moyo: dubu usimkimbie, ongea, rudi nyuma taratibu, musi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, huyo kimbia ujifiche nyuma ya mti, hasa akiwa na mtoto.

Nguo. Pamba inashika jasho na jasho linaganda. Vaeni sufu ndani, kitu cha joto katikati, cha kuzuia upepo juu. Tumeanzisha kabati la nguo za baridi na miiba ya chuma ya kuvaa juu ya viatu, mtoto akikua mrudishe achukue mwingine. Nawaomba sana hii baridi msijifungie ndani, kwenye ziwa la Westchester Lagoon watu wanateleza kwenye barafu na wanakoka moto pembeni, njooni hata kukaa tu. Lile giza likikaa na mtu peke yake ndani linakuwa zito, tumeshaona kwa wenzetu.

Hela: mweka hazina atasoma daftari lote mkutanoni. Ada nyingi zimeenda kwenye mafuta, kukodi magari, na makopo manne ya pilipili ya kupulizia dubu ambayo hayajatumika. Kamati inaomba kibali chenu tununue jaketi okozi kumi za watoto kabla ya Julai, na wanachama wawili wakasome huduma ya kwanza, ikiwezekana mmoja awe mwanamke. Nahitaji pia madereva watatu wenye leseni safi.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya Januari saa nane mchana, ukumbi uleule. Waliochukua nyavu na ndoo za chama Julai mje nazo, ndoo mbili za bluu bado hazijarudi.