Mama mdogo, chaja ninayo mimi

Shikamoo mama mdogo.

Simu yangu hupokei, na nikipiga kwa wajukuu naambiwa "bibi amelala" saa nne asubuhi. Basi naandika hapa, maana najua binti yako wa Dar hukusomea kila ninachoandika. Wengine mtakaopita mniwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Kwenye arobaini ya mama, wanawake wa Ujiji wamejaa mkekani chini ya turubai, ulisema, "Huyu ameninyang'anya miguu." Hukunong'ona. Shangazi akatua kikombe chake chini. Mimi nilikuwa na sinia la maandazi mkononi, nikaendelea kugawa kana kwamba sikusikia. Nilisikia.

Wale hawakujua kwa nini nilichukua chaja ya kiti chako cha magurudumu cha umeme. Wewe unajua.

Usiku wa kuamkia siku uliyokwenda stesheni umeme ulikatika, kiti hakikupata chaji. Nikakuomba usubiri, asali yako kutoka Tabora ifuatwe stesheni na kijana wa bajaji. Ukasema taa za betri zinawaka zote. Mama mdogo, taa zile kiti kikiwa kimesimama zinakupa matumaini tu. Ukweli unauona ukishatembea, tena ukiwa unapanda. Kushuka kutoka Mwanga hadi stesheni ya Kigoma hakuli betri sana. Kurudi ndiko kunakoimaliza.

Halafu ukaacha madumu ya asali yaning'inizwe nyuma, kwenye mishikio ya kusukumia. Mlimani uzito wako wote tayari umeegemea nyuma, na ukiongeza madumu magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, yanataka kunyanyuka. Mzigo unakaa chini ya kiti au unapanda bajaji. Hakuna njia ya tatu.

Kiti kilizimika katikati ya mlima. Na kilipozimika kilitulia palepale, hakikurudi nyuma hata kidogo. Hapa ndipo nakuomba unielewe: ukiachia kijiti cha kuongozea, au umeme ukiisha, breki za mota zinajifunga zenyewe. Ungekaa hapo mpaka jioni usingesogea.

Ndipo wakaja vijana wa bodaboda, watoto wa watu wenye huruma zao. Mmoja akainama, akazigeuza zile leva mbili nyekundu za nyuma ili wakusukume. Leva zile zinaachanisha mota na magurudumu, na breki nayo inaachia. Kuanzia hapo ulikuwa umeshikwa na mikono yao tu. Lori likapiga honi, wakaruka pembeni.

Nilikuwa juu yako kidogo, nakuja kukufuata. Nikauona uso wako unanitazama huku unakwenda mbali nami. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umeukalia, kama kawaida yako. Lundo la mchanga wa wajenzi ndilo lililokupokea. Dumu moja likapasuka, asali ikatiririka mpaka kwenye lami, na neno lako la kwanza lilikuwa "asali yangu". Mimi sikuwa na sauti hata ya kukujibu.

Jioni ile nikachukua chaja. Ningeichukua tena leo. Nilikuomba mambo mawili tu, uvae mkanda na mtu yeyote asiguse leva ukiwa mlimani, ukanijibu kwamba uliendesha baiskeli Ujiji kabla sijazaliwa. Ni kweli. Ukanibeba kwenye kerieri kwenda shule, ukinifunga kiunoni kwako kwa khanga nisianguke. Mbona hukuniuliza kama napenda kufungwa?

Umesema pia barabara ndiyo mbovu. Hilo nakuunga mkono. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na bado unavushwa mitaro juu ya vipande vya mbao. Lakini mbao zile hazikukuzuia kufunga mkanda.

Kilichonifanya niandike leo ni hili: nasikia umemtuma mjukuu kwa fundi anayechaji betri za magari. Tafadhali usifanye hivyo. Chaja ya gari ni ya volti 12, na kiti chako kina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24. Betri zenyewe zimezibwa, hazifunguliwi kuongezwa maji. Akizichokonoa huyo fundi, utakaa ndani kweli, na safari hii si kwa sababu yangu.

Kwa hiyo chaja nairudisha. Ichomeke usiku kucha, hata kama siku ile ulifika msikitini tu. Ukishuka mteremko punguza mwendo na ushuke wima, usikate mshazari wala usigeuze katikati. Ukisimama kupiga soga zima kiti kabisa, maana ncha ya khanga ikinasa kijiti, kiti kinaondoka na wewe. Na mjukuu ajifunze kuzirudisha leva, zote mbili, kabla hujakalia. Kikizimika tena mlimani, mtu asimame nyuma yako awapungie mkono wenye magari, na nipigiwe simu mimi.

Nitaileta mwenyewe Jumamosi, na samaki, migebuka ya Kibirizi. Mlango uwe wazi. Lile neno la arobaini utalirudisha mbele ya shangazi, kwa sababu shangazi alilisikia.