Barua: Kocha wa kaunti akiondoka asiondoke na kila kitu

Ndugu Mhariri,

Nawasoma mtandaoni nikiwa huku Ayalandi, na kila nikifungua ukurasa wenu wa michezo nakuta kocha fulani katimuliwa, mwingine karithi mikoba, halafu baada ya miezi michache na huyo naye kafungashiwa virago. Naomba nafasi kidogo niwaambie habari ya mchezo mmoja wa huku ambao suala hili la kurithishana mikoba linawatesa watu kuliko hata kwenye soka, tena kwa sababu ambayo kwenye soka letu haipo kabisa. Nazungumzia mpira wa Kigaeli, hasa timu za kaunti, yaani tuseme timu za mikoa.

Kwa wasioujua: ni watu 15 kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, milingoti ya goli imekaa kama herufi H, ukiupitisha juu ya mwamba ni pointi moja, ukiuzamisha wavuni unapata pointi tatu, na tangu 2025 ukipiga kutoka nje ya lile tao la mita 40 ukapita juu unapewa mbili. Chama chao, GAA, kilianzishwa 1884. Timu ya kaunti inachaguliwa kutoka klabu za vijijini na mitaani, na mwisho wa yote wanagombea kombe la Sam Maguire, la ubingwa wa Ayalandi nzima, pale Croke Park, uwanja unaoingiza watu zaidi ya 82,000. Na watu wote hao wanajaa kuangalia walimu, wakulima, manesi na mafundi umeme, maana ni mchezo wa ridhaa, hakuna mchezaji anayelipwa mshahara.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Huku hakuna usajili. Mtoto wa kaunti ya Mayo anachezea Mayo mpaka magoti yamkatae. Kuhama kupo, mtu akihamia kaunti nyingine akaishi huko na kuingia klabu ya huko, lakini kununuliwa hamna, kaunti yenye hela zake haiwezi kwenda kwa jirani ikambeba mfungaji. Mtu pekee unayeweza kumtoa nje bila shida ni kocha, wenyewe wanamwita meneja. Kwa hiyo mambo yakiharibika wachezaji ni walewale huna pa kuwapeleka, unabadilisha yule anayesimama pembeni ya uwanja, na matumaini ya kaunti nzima yanamwangukia yeye. Na yeye pia kwenye makaratasi halipwi mshahara, anarudishiwa hela ya mafuta na msosi, ingawa maneno ya bahasha hayaishi kila mwaka na mimi sitaki kuyaingia.

Kinachonikera ni jinsi wanavyompata huyo mrithi. Timu inatolewa mwezi wa sita au wa saba, kocha anabwaga manyanga, uongozi wa kaunti unaunda kamati ya watu wachache, magazeti yanaanza kutaja majina, kampuni za kubeti zinaweka odi (kweli kabisa, watu wanabeti nani atakuwa kocha), kisha siku moja usiku wajumbe wa klabu wanakutana wanaidhinisha jina, makofi, kesho yake picha na skafu. Jamaa anaingia na watu wake wote: wasaidizi, kocha wa viungo, mtu wa video, mtu wa takwimu. Na waliokuwepo wote wanaondoka na yule wa zamani. Ni kama duka ambalo muuzaji akiacha kazi anaondoka na daftari la madeni, mpya anaanza kuuliza wateja nani anadaiwa nini. Huyu beki goti lake linaumaje, yule kijana wa miaka 20 alipewa mazoezi gani mwaka jana, mipira ya kipa tulikuwa tunaidakia wapi, hayo yote hayapo kwenye ofisi ya kaunti, yapo kwenye laptop ya mtu ambaye keshaenda.

Tazama Kerry, wafalme wa mchezo huu, makombe 39 mpaka 2025. Mick O'Dwyer aliwafundisha kuanzia 1975 hadi 1989 akachukua makombe manane, mzee alifariki Aprili 2025 na nchi nzima ilimlilia. Alipoiacha timu 1989 walimpa Mickey Ned O'Sullivan, nahodha wa ubingwa wa 1975, halafu Ogie Moran, nahodha wa 1978. Majina makubwa, wachezaji wa O'Dwyer mwenyewe, kombe hawakupata. Kerry ambao walichukua 1986 wakakaa mpaka 1997 ndipo wakalishika tena, chini ya Páidí Ó Sé, naye pia mchezaji wa kikosi kilekile. Kwa Kerry miaka 11 bila kombe ni msiba, huko watoto wanazaliwa wakiwa wanadai kombe. Nachokiona mimi ni kwamba waliamini kucheza chini ya bingwa kunatosha kukufanya ujue bingwa alikuwa anapikaje, na hakutoshi.

Meath ndio usiseme. Seán Boylan, mtabibu wa mitishamba (sio utani, ndio kazi yake, ya ukoo), alishika timu 1982 akaiacha 2005, makombe manne: 1987, 1988, 1996 na 1999. Miaka 23 mtu mmoja! Baada yake wamepita makocha wanane ukihesabu na aliyeingia kwa msimu wa 2025, na hata ubingwa wa Leinster, yaani wa kanda tu, wamepata mara moja, 2010. Simlaumu mzee Boylan, mtu akishinda nani atamwambia aondoke. Nawalaumu waliokuwa ofisini miaka yote hiyo 23 wasijiulize hata siku moja kesho tutakuwa na nani.

Wapo waliofanya vizuri, tena sio kwa bahati. Tyrone walimpa timu Mickey Harte kwa msimu wa 2003, na kabla ya hapo alishachukua ubingwa na vijana wa Tyrone, wale wadogo wa chini ya miaka 18 mwaka 1998, kisha chini ya miaka 21 mwaka 2000 na 2001. Alipopanda alikuwa anawajua wale vijana tangu wanafuga chunusi, akachukua kombe mwaka wa kwanza, akaongeza 2005 na 2008. Akakaa mpaka 2020, pengine akapitiliza kidogo, hiyo ni maoni yangu. Wakawapa Feargal Logan na Brian Dooher kwa pamoja, watu wawili waliokuwa kwenye benchi la vijana wa chini ya miaka 21 walioshinda 2015, na Dooher ndiye aliyekuwa nahodha 2005 na 2008. Mwaka wao wa kwanza, 2021, kombe. Baadaye mambo yakapoa, 2024 wakaachia, kaunti ikamchukua Malachy O'Rourke ambaye ni mtu wa Fermanagh, na sina neno, mwaka uliofuata kawatoa Dublin robo fainali. Mtu wa nje sio dhambi.

Dublin ndio darasa lenyewe. Jim Gavin alishinda na vijana wa chini ya miaka 21 mwaka 2010 na 2012, akapandishwa kumrithi Pat Gilroy ambaye alikuwa ameshaleta kombe la 2011, la kwanza tangu 1995. Yaani hakukuta magofu, alikuta nyumba yenye taa zinawaka. Akachukua sita ndani ya misimu saba, matano ya mfululizo 2015 mpaka 2019. Halafu mwishoni mwa Novemba 2019, ghafla tu, akasema basi, msimu mpya ukiwa mlangoni. Kaunti nyingine hapo ingelia na kusaga meno. Dublin mwezi uliofuata walimtangaza Dessie Farrell, ambaye alishachukua ubingwa na wadogo 2012 na wa chini ya miaka 21 mwaka 2014 na 2017, nusu ya kikosi ilikuwa imepita mikononi mwake. Akabeba 2020, akabeba tena 2023. Watu husema Dublin wana hela na wana watu wengi, ni kweli, hela na watu wanazo, lakini wingi wa watu haukupi mrithi aliyekaa tayari, huyo lazima umlee.

Najua mtakaponijibu mtaniletea Peter Keane, basi nimlete mwenyewe. Alishinda na wadogo wa Kerry mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018, akapandishwa timu kubwa kwa 2019, akafika fainali akafungwa na Dublin kwenye mechi ya marudio, na baada ya misimu mitatu bila kombe wakamrudisha Jack O'Connor kwa awamu ya tatu. O'Connor akachukua mwaka wake wa kwanza, 2022, akachukua tena 2025. Kwa hiyo kufundisha vijana sio tiketi ya moja kwa moja, sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba kumpandisha mtu ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kumwachia benchi la ufundi linalokumbuka jana. Na Kerry kurudi kwa mzee yuleyule mara ya tatu, ingawa imelipa, ukiniuliza mimi ni ushahidi kwamba hawakuwa na mtu mwingine waliyemwamini.

Mayo nitawapitia haraka maana inauma. Kombe la mwisho 1951, tangu 1989 wamepoteza fainali 11. James Horan aliondoka 2014, wakaingia wawili kwa pamoja, msimu mmoja wachezaji wakapiga kura ya kutokuwa na imani nao, wakaondoka, akaja Stephen Rochford akawafikisha fainali mbili, 2016 na 2017, akaondoka, Horan akarudi, kisha Kevin McStay, naye akaondolewa Juni 2025, sasa ni Andy Moran, mmoja wa vijana wao waliocheza fainali nyingi za machozi. Mimi siamini habari za laana ya Mayo, zile hadithi kwamba padri aliwalaani kwa kutoheshimu mazishi. Naona tu kaunti yenye wachezaji wazuri ambayo imeanza upya mara nyingi mno.

Na Louth, kaunti ndogo kuliko zote. Septemba 2023 Harte, yule wa Tyrone, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa anawafundisha, aliwaacha ghafla akaenda Derry. Wakampata Ger Brennan, beki wa zamani wa Dublin, na 2025 wakachukua Leinster kwa mara ya kwanza tangu 1957, watu wazima walilia uwanjani. Halafu Dublin, Farrell alipojiuzulu, wakamchukua Brennan. Unaona sasa, mkubwa hawezi kununua mchezaji wako ila kocha anambeba. Ila Louth safari hii walifanya jambo la akili, wakampa timu Gavin Devlin, ambaye alikuwa msaidizi wa Harte tangu Tyrone na alishakuwa Louth naye, wachezaji anawajua, barabara anaijua. Huenda akafanikiwa, huenda asifanikiwe, lakini angalau hakuingia akiuliza vyoo viko wapi.

Sasa mtu atauliza nataka nini. Nataka kaunti ndio iwaajiri au iwateue kocha wa viungo, mtu wa video na mtu wa takwimu, sio kocha mkuu, ili akienda wao wabaki walau msimu mmoja. Nataka kocha wa vijana wa chini ya miaka 20 (zamani ilikuwa 21) awe anaingia kwenye mazoezi na vikao vya timu kubwa mwaka mzima, sio siku ya kupiga picha. Nataka mazungumzo ya mrithi yaanze wakati kocha anashinda, najua yanaonekana ni kukosa adabu, mtu ana kombe mkononi wewe unaulizia kiti chake, lakini ukingoja afungwe unachagua ukiwa na hasira, na ukiwa na hasira unachagua jina, mgeni njoo mwenyeji apone. Muda upo. Tangu 2022 ratiba imegawanywa, fainali ya kaunti inachezwa Julai, miezi inayobaki ni ya klabu, kaunti ina nafasi ya kutosha kabla ligi haijaanza tena mwezi wa kwanza, ila nyingi zinaitumia nafasi hiyo kubishana kwenye redio.

Wa kuwatazama kwanza ni walewale Kerry. O'Connor ana makombe matano kama kocha, 2004, 2006, 2009 na hayo mawili ya juzi, hakuna atakayethubutu kumgusa na wala asiguswe. Lakini awamu ya nne sidhani kama ipo, na ningependa kujua leo hii pale pembeni yake ni nani anayeshika lile daftari.

Msomaji wenu,
Dublin