Asante mama wa korosho pale Mnazi Mmoja

Jamani mama uliyekuwa unauza korosho Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, jina lako sikuuliza ila nakushukuru mno. Basi letu liliharibika, mwanangu ana miezi 14 hajatembea na mimi roho juu kila siku, wewe ukatua beseni ukampitishia khanga kifuani ukashika ncha kwa nyuma mkawa mnatembea taratibu kwenye mchanga, ukaniambia mwanangu usimharakishe, wapo wanaofika hata miezi 18. Basi jana hapa Mikindani kaachia kigoda mwenyewe, hatua tatu mpaka magotini kwangu, mkononi kang'ang'ania kipande cha muhogo. Nimelia mama. Nikipita tena namleta umuone.