Wifi, vile vikombe sita

Wifi yangu,

Ijumaa kaka anaoa. Najua umeshasikia, habari hufika Pemba kabla ya boti. Mimi nimepewa kazi ya kukifukiza chumba, chumba kile kile, na jana nilipoinama kufagia uvunguni nikaikuta chupa yako ya maji ya lita moja na nusu, ile uliyoichora mistari kwa wanja ili ujue umekunywa mpaka wapi. Nikakaa kitako sakafuni, udi ukazimika.

Usije ukasema sikukusaidia. Ulikuja jikoni kwangu kabla hujamwambia somo wako, umejishika kinena, ukaninong'oneza kuwa kila ukikutana na mume mkojo unachoma kama pilipili, na ukenda chooni yanatoka matone tu. Nikacheka. Nisamehe, nilicheka kwa sababu na mimi yalinikuta ndani ya fungate. Mie niliambiwa nivumilie, ndio uwari unatoka. Nikavumilia mpaka homa ikapanda na mbavu zikanikaza, nikalazwa, na nesi mmoja akanambia mambo ambayo hakuna kungwi aliyewahi kunifunza: njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu, nayo iko jirani na nyuma, kwa hivyo wadudu wa choo kikubwa husukumwa wakati wa tendo wakapanda mpaka kwenye kibofu. Mkimaliza, inuka ukakojoe, usilale nao. Jitawaze mbele kwenda nyuma. Kunywa maji. Na huko ndani usitie sabuni, wala liwa, wala usijifukize udi. Nguo zinatosha kunukia.

Yote hayo nilikupa, bila ya choyo. Hata hiyo chupa niliinunua mimi.

Ila yako hayakuwa yangu. Dozi ya kwanza ilikupa nafuu siku tatu. Ya pili haikufanya kitu. Ikaja damu, kidogo, kila baada ya kukutana, na maumivu ya ndani kabisa chini ya kitovu. Mama akasema chango, akachemsha mizizi yake. Tulikokupeleka hawakukutazama hata mara moja. Waliandika dawa za maradhi ya zinaa, wakasema mume naye aje. Kaka akapimwa, hana kitu. Basi nyumba nzima ikapiga hesabu yake.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mama juu ya kiti, shangazi kwenye mkeka, mimi mlangoni, wewe ndiye uliyetuletea kahawa. Nikasema, "Ndugu yetu yuko salama. Wewe umeutoa wapi?" Hukulia wala hukuapa. Ulitazama pindo la kanga yako, kisha ukakusanya vikombe, na changu ambacho sikuwa nimemaliza, ukenda kuviosha. Nilivihesabu nikisikia vikigusa sinia. Sita. Ukavifudikiza, ukaingia ndani kufunga mzigo.

Mama ndiye aliyenitupia jicho nianze. Mkubwa akikutazama vile utafanya nini? Na mimi nilikuwa nauliza tu. Wallahi nilikuwa nauliza.

Lakini na wewe, wifi! Ungesema neno moja. Ungesema kwamba udogoni ulikuwa ukikojoa damu, kama ulivyokuja kumwambia mkunga wa kwenu. Mimi mtoto wa mjini, nimekulia kwenye bomba, ningejulia wapi? Mkunga yule hata hakuanza na mumeo. Alikuuliza, "Ulipokuwa mdogo mlikuwa mkifua wapi?" Ukamwambia kijitoni, na kuvuka bonde la mpunga miguu mitupu. Akajua. Kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa maji baridi hupenya ngozi, vikawa minyoo kwenye mishipa ya damu, na minyoo hiyo hukaa miaka ikitaga mayai yenye mwiba nchani. Mengine hukwama kwenye kibofu, mengine ukeni na kwenye shingo ya uzazi, pakafanya mabaka kama mchanga, panapoguswa panatoa damu. Mume hakupi na wewe humpi.

Na tulikukosesha hata kipimo. Mkojo ulitakiwa wa mchana, baina ya saa 4 na saa 8, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Sisi tukikupeleka alfajiri tuwahi foleni. Tena mkojo unaweza kuonekana safi na huku ukeni yamejaa. Nyinyi mnaosoma, msidhani ni mambo ya Pemba peke yake, hata huku Unguja, Kaskazini na Kati, konokono hao wapo, na wako wanawake wanaokunywa dawa ya chango mwaka wa kumi.

Haya ulinieleza mwenyewe, simu ile moja tu, eda yako ishakwisha. Vidonge vinne vya prazikwanteli kwa mkupuo, kwa uzito wako, dawa ile ile wanayopewa watoto skuli. Ukasema minyoo imekufa lakini makovu yamebaki, bado pakiguswa panauma. Nikasema pole. Ukanyamaza mpaka salio langu likakatika. Wewe ungeweza kupiga, wifi, hata mara moja.

Bi harusi mpya nimeshakaa naye. Nimemwambia maji, nimemwambia akakojoe, nimemkataza kujifukiza. Nilitaka nimuulize na alikokulia, walikuwa wakifua wapi. Mama akaingia na singo, nikanyamaza.

Chupa nimeiosha, iko kwangu. Namba yangu ni ile ile. Piga mchana, mama huwa amelala.