Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Elimu ya Afya ya Uzazi Isiishie Shuleni

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mshauri nasaha wa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, kundi ambalo mipango ya elimu ya afya ya uzazi huliacha pale hasa linapoanza kuihitaji. Mwanafunzi hufundishwa viungo vya uzazi, hedhi na, akibahatika, njia za kujikinga. Akishamaliza shule huhesabiwa kuwa mtu mzima anayejua yote, ilhali maamuzi mengi mazito kuhusu mapenzi, uzazi na ndoa huyafanya baada ya hapo, akiwa chuoni, kazini au anatafuta kazi, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kumuuliza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa ya zinaa ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 49. Magonjwa haya yote manne yanatibika. Linaloniumiza ni kwamba mara nyingi hayaoneshi dalili, na klamidia inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumletea mwanamke ugumba bila yeye kuwahi kuhisi maumivu. Kijana aliyefundishwa kwamba mgonjwa hujulikana kwa usaha au vidonda atasubiri dalili ambazo pengine hazitakuja kamwe, na wakati huohuo atawaambukiza wengine bila kukusudia. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba kupima ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye afya yake, na aambiwe pia wapi atapimwa.

Hapo ndipo elimu inapotengana na huduma, na naomba unisikilize kwa makini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio la hatari, zinazojulikana kama PEP, sharti zianze kutumika ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kuendelea kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina ukomo wa siku 5, na hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Sasa mfikirie binti aliyebakwa Ijumaa usiku, au wapenzi wawili ambao kondomu yao imepasuka usiku huohuo. Kama hawajawahi kusikia habari za dawa hizo, muda utapita wakiwa wanalia au wanaomba Mungu. Kama wamesikia lakini kliniki haifunguliwi hadi Jumatatu, sehemu kubwa ya saa zile 72 imekwisha kupotea. Na wakifika mapokezi wakaulizwa shida yao kwa sauti mbele ya foleni nzima, wapo watakaogeuza na kuondoka. Semina iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kufidia mlango uliofungwa.

Najua wapo wazazi na viongozi wa dini wanaohofia kwamba elimu hii inachochea ngono. Hofu yao inatokana na upendo, nami siidharau. Hata hivyo, mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, ulihitimisha kwamba elimu kamili ya jinsia haiongezi ngono wala tabia hatarishi, na kwamba programu zinazohimiza kujizuia peke yake hazikufanikiwa kuchelewesha vijana kuanza ngono. Zaidi ya hayo, tunazungumzia watu wazima wanaopiga kura na kufunga ndoa.

Vijana wa kiume wasisahauliwe, kwa maana mara nyingi mafunzo haya huelekezwa kwa wasichana tu, kana kwamba mimba na maradhi ni mzigo wa upande mmoja. Somo la ridhaa, yaani kukubaliana kwa hiari kabla ya ngono, liwahusu wote.

Mheshimiwa, mtaala mpya unahitaji muda na bajeti, na vijana wenyewe washirikishwe kuuandaa. Lakini yapo mawili yanayoweza kuanza kwa waraka wa wizara yako: kliniki za afya ya uzazi zifunguliwe jioni na mwishoni mwa wiki, na kila kijana anayeingia chuoni au katika mafunzo ya ufundi apewe maelezo ya maandishi yanayomwonesha PEP inapatikana wapi, saa ngapi, na kwamba siri yake italindwa. Naomba utoe waraka huo.

Wako mwaminifu,
Mshauri nasaha wa vijana