Misumari ya mlangoni kwangu na milimita 50 za utabiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua.

Kwenye mwimo wa mlango wangu hapa Kigogo kuna misumari minne. Kila maji ya mto Msimbazi yanapoingia ndani, yakishuka napiga msumari pale alama ya tope ilipoishia. Wa juu kabisa, unaonifika kifuani, ni wa Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, majirani zetu wakahamishiwa Mabwepande.

Miaka michache baadaye walikuja vijana wa vyuo, wa mradi wa Ramani Huria, uliochora ramani za mitaa inayofurika. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, nikapita nao uchochoro kwa uchochoro kuwaonyesha mitaro na njia za maji. Misumari yangu waliipima kwa futi, wakaingiza kwenye simu. Sijawahi kuona wasomi wakimsikiliza fundi cherehani namna ile, na ninawashukuru hadi leo.

Linaloniumiza ni kilichofuata, yaani kimya. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo husema mvua kubwa, zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, mkoa wa Dar es Salaam na Pwani. Nawaamini. Lakini milimita 50 ni msumari upi? Wenye ramani wanajua maji hunifika wapi, wenye utabiri wanajua mvua inakuja lini, na mwenyekiti wetu wa mtaa hajapewa jibu la wote wawili likiwa pamoja.

Tena mto huu unaanzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe. Mafuriko huweza kutukuta huku kwetu halijadondoka hata tone. Onyo langu mimi ni wifi yangu wa Gongo la Mboto. Akipiga simu, "Wifi, huku mto umejaa," napandisha cherehani juu ya meza na watoto nawapeleka kwa shangazi yao Mburahati. Msumari wa nne niliupiga kwa sababu siku ile wifi alikuwa msibani Morogoro. Sare za shule za wateja, bunda zima, zilioza kwenye tope. Usiku huo tulisimama na watoto nje ya geti la shule kwa sababu mwenye funguo alikuwa akisubiri kibali.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa. Naziombea kamati hizo vitu vya kushika mkononi. Nguzo za madaraja ya Msimbazi zipakwe njano, rangi ya machungwa na nyekundu, rangi zilezile za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa vipimo ambavyo wataalamu wamekwisha kuvikusanya. Kipimo cha maji kiwekwe huko juu ya mto na kitume ujumbe mitaa ya chini. Na iandikwe kabisa kwamba maji yakigusa rangi ya machungwa, mwenyekiti ana mamlaka ya kufungua madarasa usiku huohuo bila kusubiri barua ya mtu.

Misumari yangu ipo palepale. Mtaalamu anayetaka kuipima upya kabla ya masika aje hata kesho, mlango naufungua saa kumi na mbili asubuhi.

Fundi cherehani,
Kigogo, Dar es Salaam