Risala ya Wawakilishi wa Madarasa kwa Mgeni Rasmi, Msajili wa Masomo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Msajili wa Masomo. Mkuu wa Kampasi. Wenyeviti wa idara. Wahadhiri wetu wapendwa. Mafundi wa kitengo cha kompyuta. Wanafunzi wenzetu: hamjambo.

Sisi wawakilishi wa madarasa wa kampasi ya Kisumu tunakukaribisha kwa mikono miwili katika hafla hii ya kufunga mafunzo yetu. Wengi wetu tumezoea kuliona jina lako chini ya matangazo ya mitihani. Leo tumekuona ana kwa ana, na tungependa kukufikishia jambo moja kuhusu masomo ya mtandaoni. Kabla ya hilo, shukrani.

Mfumo tunaosomea ni Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Ni programu huria: chuo hakiilipii leseni, na mafundi wetu wana ruhusa ya kuirekebisha itufae. Waliotutangulia wanatusimulia jinsi vyuo vilivyofungwa ghafla Machi 2020, kila mhadhiri akaja na njia yake: huyu akituma maelezo kwa WhatsApp, yule kwa baruapepe, mwingine kimya. Leo kila somo lina ukurasa wake, wiki kwa wiki. Mwanafunzi anayeishi Nyalenda, au anayekuja kutoka Seme kila asubuhi, hupakua maelezo kwenye simu akiwa hapa kwenye wai-fai ya chuo, akayasoma usiku nyumbani bila kununua bando. Kwa mtu anayesubiri mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uingie, hiyo ni nafuu kubwa, na mafundi walioiwezesha tunawashukuru kwa dhati.

Wenzetu wa hisabati wanafaidi zaidi. Wanafanya maswali ya STACK, mfumo wa kusahihisha hisabati kwa kompyuta uliobuniwa Uingereza, ambao jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Maseno pia wanautumia. Swali ni moja, lakini kila mwanafunzi hupewa tarakimu zake, kwa hiyo kuchungulia kwa jirani hakumsaidii mtu. Wewe ukiandika (x+1)² na mwenzako akaandika x²+2x+1, mfumo unatambua kwamba majibu hayo ni sawa, na kama swali halikutaka umbo maalumu, nyote mnapata. Ukikosa, unaelezwa papo hapo ulipoteleza. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kumfanyia kila mmoja hivyo kwa kalamu nyekundu.

Insha ni kazi nyingine, na hatungependa kamwe isahihishwe na mashine. Lakini yupo mhadhiri wetu wa fasihi anayetumia kitufe cha kurekodi sauti kwenye sehemu ya maoni. Unafungua kazi yako, unamsikia akikwambia urudi aya ya pili, kwa sababu umemwita mhusika mwoga ilhali mfano uliotoa unamwonyesha ni mtu mwangalifu. Kuna wenzetu ambao hawakuwahi kuelezwa insha yao kwa kina namna hiyo tangu waingie chuo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotuumiza ni kupotea kwa maksi.

Kazi za muhula zina asilimia 30, mtihani wa mwisho asilimia 70. Mwanafunzi hufanya jaribio, likasahihishwa, alama zikaingia Moodle. Kisha mhadhiri hupakua orodha ile, huifungua kwenye jedwali, huichanganya na alama za majaribio ya karatasi, halafu huzichapa zote upya katika mfumo wa ofisi ya mitihani, ambao haujaunganishwa na Moodle. Zinapotelea hapo. Aliyesajiliwa wiki ya tano hayumo kwenye orodha ya kwanza. Aliyehamia kozi nyingine ana namba mbili za usajili. Mkwaju mmoja (/) ukisahaulika kwenye namba, mstari huo hauoani na mtu yeyote, nao huachwa. Hatumshuku mtu hila. Ni mikono mingi inayonakili kitu kilekile usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Mwenyewe huja kujua akiwa mwaka wa nne, jina lake lisipoonekana kwenye orodha ya mahafali. Wakati huo mhadhiri aliyemfundisha, ambaye alikuwa wa muda, ameshaondoka, na mama yake nyumbani amekwisha kualika majirani. Tumemsindikiza mwenzetu mmoja ofisi hadi ofisi akiwa na picha ya ukurasa wa jaribio lake kwenye simu. Aliambiwa picha si ushahidi. Alirudia somo zima na kulilipia tena.

Mheshimiwa, dawa iko ndani ya mfumo tulio nao. Kwenye daftari la alama la Moodle, kando ya kila jaribio, mhadhiri huona kialama kidogo cha jicho. Likifumbwa, mwanafunzi haoni kitu. Likifumbuliwa, kila mmoja anaona maksi zake tu, si za mwenzake. Inafaa kuliko orodha za kubandikwa ukutani, na inakubaliana na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Masomo mengi hapa jicho limefumbwa muhula mzima. Wahadhiri wanahofia kufurika kwa malalamiko, na tunawaelewa, kwa sababu tunajua idadi yetu. Lakini lalamiko la wiki ya sita hutatuliwa kwa dakika chache, karatasi ikiwa bado mezani.

Kwa hiyo tunakuomba utoe agizo kwamba alama za kila jaribio zifunguliwe kwa wanafunzi mara zinaposahihishwa, na ziwepo siku saba za kuuliza kabla ya kupelekwa ofisi ya mitihani. Pia tunaomba mafundi waunganishe mifumo hiyo miwili, ili alama ipite bila kuchapwa upya. Sisi wawakilishi tutapita madarasani, tukusanye majina ya wasioona maksi zao, tumpe mhadhiri orodha moja badala ya kumjazia simu ujumbe.

Mengine ni mafupi. Makataa ya saa sita usiku yasogezwe hadi jioni, kwa sababu stima ikikatika Manyatta saa tano, aliyemaliza kazi yake anaonekana mzembe. Asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa, isichukuliwe kuwa hukumu. Inaonyesha maneno yanayofanana, hata methali na nukuu zilizotajwa vizuri, na ni mhadhiri anayepaswa kusoma na kuamua. Na wahadhiri wa muda wafunzwe mfumo huu ndani ya saa wanazolipwa, kama wenzao wa kudumu.

Agizo la kufungua alama likianza na jaribio la kwanza la muhula ujao, sisi tuko tayari na orodha za madarasa yetu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wawakilishi wa Madarasa, Kampasi ya Kisumu